Linki ya Ganjoni–Kwale inazama kila siku, na kila siku saa yake tofauti

Mwanaganjoni
Salaam aleikum wanajukwaa. Nina linki ya redio, yaani mawasiliano bila waya, ya gigahezi 5.8 kutoka paa la ghorofa hapa Ganjoni hadi kituo cha kompyuta cha vijana Kwale mjini, kama kilomita 26. Dishi za 30 dBi (kiasi dishi linavyokuza mawimbi) pande zote mbili, redio nimeziweka 20 dBm (nguvu ya kutuma), chaneli ya megahezi 40. Kwa kawaida signali ninayopokea ni −57 dBm (ikikaribia sifuri ndiyo bora) na mambo yanakwenda. Halafu ghafla inazama hadi −78, vijana wanabaki kutazama skrini, na baada ya kama nusu saa inarudi yenyewe. Juzi ilizama saa tatu asubuhi, jana karibu saa nne, leo saa tano kasoro dakika ishirini. Wiki iliyopita ilitulia kabisa. Mvua hakuna, umeme upo. Dishi la huku liko kwenye mlingoti wa mita 6 juu ya paa, nimelipandisha lisizuiwe na kitu. Ukisimama pale unaiona bandari ya Kilindini yote mpaka Mtongwe ng'ambo. Niongeze nguvu?

Rauta_Bamburi
Angalia kwanza umbali ulioandika kwenye mipangilio ya redio. Mawimbi huchukua takriban mikrosekunde 87 kufika Kwale, na jibu huchukua nyingine 87 kurudi. Redio isiposubiri muda huo hudhani pakiti, yaani kifurushi cha data, imepotea na kuituma tena. Ukishaweka sawa, ongeza nguvu, na mtu apande akalenge dishi upya.

Mama_Milingoti
Mwanaganjoni, tafadhali mtu asiziguse hizo dishi kuzilenga. Piga hesabu: kwa kilomita 26, mawimbi ya 5.8 hupoteza desibeli 136 njiani. 20 ongeza 30 ongeza 30, toa 136, unapata −56. Wewe una −57. Zimelengwa vizuri mno.

Tazama saa zako sasa. Kila siku tatizo linachelewa kwa kama dakika 50. Ni kitu gani hapa Mombasa huchelewa hivyo kila siku? Maji. Na wiki iliyotulia, bila shaka yalikuwa maji mafu, bahari ikipanda na kushuka kidogo tu. Sasa tuko kwenye bamvua, inapanda na kushuka sana. Chukua jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari uliweke kando ya grafu ya redio yako, utaona mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Kwale iko karibu mita 400 juu ya bahari, wewe uko kama mita 30. Mawimbi mengine yanakuja moja kwa moja, mengine yanagonga maji na kuruka hadi kwako, na kwa urefu huo yanagonga chini ya kilomita 2 kutoka kwako, yaani katikati ya Kilindini. Yakifika pamoja kwa mpangilio mzuri yanasaidiana, yakipishana nusu wimbi yanauana. Urefu wa wimbi lako la redio ni sentimita 5 tu. Maji yakipanda mita 3, tofauti ya njia hizo mbili hubadilika kwa kama sentimita 9, kwa hiyo kati ya kupwa na kujaa unaweza kuzama hata mara mbili. Kuongeza nguvu hakufai kitu hapa, maana unayaongezea nguvu yote mawili, na yataendelea kuuana vilevile.

Kesho ikizama, legeza vibano uteremshe dishi sentimita 80 hivi kwenye mlingoti, bila kuligeuza. Kama signali itarudi hapo hapo, ni maji.

Dawa ya kudumu ni kulishusha. Najua tumezoea kusema juu zaidi ndiyo bora, lakini wewe unahitaji mahali dishi litakapoona milima ya Shimba na lisione bahari. Tafuta pembe ya paa ambapo mbele yako, kama mita 200, kuna jengo ambalo paa lake liko usawa wa dishi. Njia ya moja kwa moja inapanda, itapita karibu mita 3 juu ya paa lile. Ile ya majini itakwama ukutani. Weka jicho pale dishi litakapokaa. Ukiona maji, redio nayo inayaona.

Mwanaganjoni
Mama, nimefanya asubuhi hii. Ilikuwa −77, nimeshusha kama ulivyosema, ikapanda hadi −59 kabla sijakaza boliti. Upande wa nyuma wa paa, karibu na matangi, kuna ghorofa mbele inayoficha bandari yote lakini vilima vinaonekana. Nitahitaji kebo ndefu zaidi, kama mita 15.

Mama_Milingoti
Hapo hapo. Nunua kebo ya nje yenye ganda la kinga, uiunganishe na waya wa ardhi, na viungio uvifunge vizuri. Chumvi ya hapa hula shaba haraka. Mkihama, lengeni upya mkitafuta −56. Na usiwaambie watu wa Kwale kwamba imepona mpaka bamvua nyingine ipite. Tuletee grafu.

Rauta_Bamburi
Nami nina linki inayovuka mkono wa bahari pale Mtwapa. Leo naitafutia jedwali la maji.