Naomba ushauri: feni ya pini 4 kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye soketi ya pini 5

Wakuu habari zenu. Kompyuta ya mezani ya ofisini, prosesa ya wati 65, feni yake imekufa beringi: inakwaruza, na prosesa ikipewa kazi nzito inapanda hadi nyuzi 90. Feni ya zamani ni milimita 92, unene 38, volti 12, ampia 0.60, plagi ya pini 5. Iliyopatikana dukani ni 92 kwa 25, ampia 0.15, pini 4 za kawaida.

Rangi za feni mpya ziko wazi: nyeusi hasi, njano volti 12, kijani inarudisha hesabu ya mizunguko, bluu inaamuru kasi. Soketi ya mazabodi ndiyo imepangwa tofauti, na volti 12 zikiingia kwenye waya wa bluu feni inaweza kuungua papo hapo. Kwa hiyo nakusudia kukata plagi ya zamani na kubakiza sentimita 10 za waya, kupima kila pini kwa mita ya umeme kwanza, halafu kuunga waya kwa risasi ya kulehemu.

Ninapokwama ni hapa. BIOS (programu inayoanza kompyuta ikiwashwa) ikisoma mizunguko midogo kuliko ya feni ya zamani, italeta onyo la feni na kusubiri nibonyeze F1 kila kompyuta ikiwashwa? Pini ya 5 iachwe wazi, au iunganishwe na hasi? Na kubwa zaidi: ampia 0.15 zitasukuma upepo wa kutosha kupita kwenye hitisinki nene (chuma cha kupoza prosesa), au nitafute yenye unene wa 38 hata kama ina kelele?

Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, nitabadilisha pia.