Umewahi kuuguza ndugu mwenye ulemavu huku umeajiriwa? Tupeane uzoefu wa ruhusa na likizo

Mama Pacha
Wakuu, habari za jioni. Leo kazini kijana mmoja ameomba ruhusa ampeleke mdogo wake mazoezi ya viungo, akajibiwa, "Kwani kwenu hakuna mtu mwingine?" Nimekumbuka mbali sana. Mliouguza mtoto, mzazi au ndugu mwenye ulemavu mkiwa sekta binafsi, ruhusa mliipataje? Mshahara ulikatwa?

Chapakazi
Hilo swali la "hakuna mtu mwingine" nimeulizwa mpaka nimelizoea.

Mama Z
Binti yangu ana mtindio wa ubongo, na kifafa juu yake. Nilikuwa karani kwenye ghala moja. Siku hiyo tunapokea mzigo, dada wa nyumbani akapiga: "Mama, leo haiachi." Degedege yake ya kawaida ukimlaza ubavu inapita yenyewe. Akapiga tena, safari hii hakuongea, alimwekea mtoto simu mdomoni nisikie anavyokoroma. Msimamizi ananiambia tumalize kwanza lori. Niliacha kalamu juu ya daftari nikatoka.

Tukalazwa. Narudi kazini nakuta barua ya kujieleza, kosa utoro. Nikapeleka karatasi za hospitali. Afisa utumishi akazisoma, akasema pole, halafu akasema siku zako 4 za mtoto ulishazimaliza mwaka juzi, hizi tunazitoa kwenye likizo yako ya mwaka. Ndiyo maana wenzangu wakitoka likizo wamenawiri, mimi natoka wodini.

Chapakazi
Mwaka juzi? Si kila mwaka zinaanza upya?

Mzee wa Vifungu
Hazianzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 34: siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu, yaani kaka au dada yako. Mzunguko wake ni miezi 36. Ya miezi 12 ni likizo ya mwaka, zile siku 28. Na hizo 4 ni kwa matukio yote kwa jumla, mtoto alazwe mara ngapi ni zilezile. Mwajiri akikuongezea, za nyongeza hazina malipo.

Tazameni hiyo orodha tena. Mzazi na ndugu wamo kwenye kufa tu. Mzazi akiwa hai kapooza, siku zake hazimo.

Kibopa wa Stoo
Hapo kwa mzazi umenikumbusha jamaa tuliyekuwa naye zamu moja. Mama yake alipata kiharusi, upande mzima ukalala. Jamaa akaomba siku za kumpeleka mazoezi, akaambiwa hayo hayo ya Mzee, sheria haina siku za mzazi mgonjwa. Wiki iliyofuata akaja amenyong'onyea, mama amefariki. Akapewa siku zake 4, tukachanga rambirambi, na ofisi ikatoa usafiri wa wawakilishi kwenda kuhani.

Tunafika, hakuna turubai, hakuna viti. Mama kakaa barazani kashikiliwa na mito, jamaa anamlisha uji kwa kijiko. Mama akatuangalia, akasema kwa nusu mdomo, "Karibuni wanangu." Kiongozi wa msafara ana bahasha mkononi, hajui aitoe au airudishe mfukoni!

Bint Mwalimu
😂😂 Mungu nisamehe nimecheka. Akafukuzwa?

Kibopa wa Stoo
Onyo la mwisho. Meneja naye alikuwa anauguza mama mkwe.

Bint Mwalimu
Na rambirambi?

Kibopa wa Stoo
Ile tuliyomtumia mapema kwenye simu ilishakuwa kiti cha magurudumu.

Mkaguzi
Huyo ni mwizi, tusipambe maneno. Watu walichanga kwa ajili ya msiba.

Mama Z
Mkaguzi, mgeuze mtu mzima ubavu usiku kucha asipate vidonda, asubuhi uwahi zamu, halafu urudi hapa uniambie nani mwizi.

Mkaguzi
Nimemuuguza baba yangu, dada. Sikumzika akiwa hai.

Mama Pacha
Jamani turudi kwenye mada. Mnashauri nini?

Chapakazi
Andika barua mapema, kabla hujakwama. Ambatisha cheti cha daktari na ratiba ya kliniki. Mimi niliomba kubadilishiwa zamu badala ya likizo, nikakubaliwa, mshahara haukuguswa.

Dereva Mstaafu
Usiandike chochote! Wakipunguza watu wanaanza na wenye wagonjwa. Elewana na mwenzako mbadilishane zamu kimyakimya.

Mzee wa Vifungu
Kimyakimya ndiyo inayowaponza. Ukikosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya maana, umewapa sababu ya kukuachisha. Barua yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo kinga. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya kifamilia, majukumu hayohayo ya kuuguza. Ukiachishwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, ujaze fomu namba 1. Wengi wanakaa wanabembeleza mpaka siku zinapita.

Bint Mwalimu
Au olewa na afisa utumishi 🤣

Tawi la Kiwandani
Mnasahau mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi kinafunga na mwajiri. Sheria imesema "angalau" siku 4, haijasema mwisho 4. Sisi tawi letu lilidai, mzazi mwenye ulemavu anayekutegemea akaingizwa kwenye mkataba. Uliza tawi lako mazungumzo yanaanza lini.

Mgeni Njiani
Samahani nimechelewa. Mimi nililelewa na shangazi, sasa haoni kabisa. Anahesabika?

Mzee wa Vifungu
Kwa kifungu cha 34 hapana, hata kwenye msiba hayumo. Omba siku bila malipo, na kwenye barua uandike waziwazi kwamba ndiye aliyekulea na hana mwingine. Una tawi la chama hapo kazini?

Mgeni Njiani
Lipo, ila mwenyekiti wake ndiye msimamizi wangu.

Mkaguzi
Basi pole. Na yule jamaa bado ni mwizi.