Mimba imetoka wiki ya tisa, na nimeambiwa nina uvimbe kwenye ovari. Naombeni ushauri

FundiNguo_Tanga
Habari zenu wanawake wenzangu. Nisomeni mpaka mwisho, hili jambo limenielemea.

Nina miaka 29, nashona nguo hapa Tanga. Mwezi wa saba nilipima nikajikuta mjamzito, mimba ya kwanza tangu tufunge ndoa. Nilikuwa na maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, nikaenda altrasaundi. Mpimaji akakaa kimya, kisha akamwambia mwenzie, "Andika, ovari ya kulia, sentimita 4.2." Kwangu akasema tu, "Una uvimbe mama, muone daktari." Daktari akasema tusubiri. Wiki ya tisa nikaona damu nikiwa napachika zipu ya gauni la bibi harusi. Usiku uleule ikatoka. Nikasafishwa, nikarudi nyumbani. Gauni nililimalizia mwenyewe, sikutaka mtu aniulize kitu.

Juzi nimerudia kipimo, uvimbe bado upo, 3.6. Daktari mwingine kaniandikia vidonge vya majira vya miezi mitatu. Natafuta mtoto, halafu napewa uzazi wa mpango? Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma. Akipiga simu swali ni moja, daktari kasemaje, nami sina la kumjibu. Mama mkwe kaleta chupa ya dawa kutoka Handeni, anasema ni chango linalokula mimba. Wifi naye ana habari za mtu aliyetolewa ovari asizae tena.

Uvimbe ndio uliotoa mimba? Vidonge nimeze? Na nikishika tena, si itatoka tena?

TibaAsili_Uhakika
Dada njoo faragha, dozi yetu inayeyusha uvimbe wa aina zote na kusafisha kizazi.

MamaWawili_Mwanza
Huyo hapo juu mpite kama hujamuona.

Pole sana mdogo wangu. Naanza na la wifi yako kwa sababu huyo mtu ni mimi, ila mwisho wake kausikia vibaya. Mwaka 2016 ovari yangu ya kushoto ilijisokota. Maumivu yalikuja ghafla nikiwa sokoni nachagua dagaa, natapika, siwezi kusimama wima. Wakanipasua usiku huo, ovari ilikuwa imeshakufa, ikatolewa yote. Kuanzia hapo ukoo mzima ukanizika. Nimezaa wawili na hii moja iliyobaki, wote kwa njia ya kawaida. Ovari moja ikiwa nzima inatosha.

Maumivu ya namna hiyo yakikupata, usisubiri kukuche. Hata kama ni saa nane usiku, tafuta bajaji.

MkungaMstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, nitakujibu kwa ninalolijua.

Kila yai likitoka, pale lilipotokea hubaki kifuko. Ukishika mimba, kifuko hicho ndicho kinachotengeneza homoni ya kuishikilia mpaka kondo la nyuma lichukue kazi, kama wiki ya 10 hadi 12. Mara nyingi kifuko hicho hujaa maji, na kwenye altrasaundi kinaitwa uvimbe. Kwa hiyo huenda kitu unachokilaumu ndicho kilichokuwa kinailisha mimba yako. Mimba nyingi zinazotoka miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, tangu yai na mbegu zilipokutana. Katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja au mbili hutoka. Zipu haihusiki, chango halihusiki.

Soma karatasi yako. Ikiwa imeandikwa maji matupu na ukuta mwembamba, uvimbe ulio chini ya sentimita 5 kwa mwanamke wa umri wako kwa kawaida huondoka wenyewe ndani ya mizunguko miwili mitatu. Wako umeshapungua. Ikitajwa damu nzito ya zamani, au mafuta na nywele, hiyo ni aina nyingine, haiyeyuki kwa kungoja. Na usichanganye na uvimbe wa kwenye nyama ya kizazi, huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Vidonge vya majira haviharakishi uvimbe uliopo kuondoka, hilo limeshachunguzwa. Vinazuia mpya usijitengeneze. Havikuharibii uzazi, lakini rudi umuulize daktari anavitaka kwa sababu gani, useme wazi kwamba unatafuta mtoto. Anza foliki asidi mapema, ile ya miligramu 0.4. Dawa ya chupa usinywe, na ya kuweka ukeni usithubutu.

Swali langu: kundi lako la damu ni lipi?

FundiNguo_Tanga
Mungu awabariki. Nimeifukua karatasi: "kifuko chenye maji, ukuta mwembamba." Nimelia, safari hii kwa nafuu. Ile ya siku ya kusafishwa imeandikwa A halafu alama ya kutoa. Hakuna aliyenieleza.

MkungaMstaafu
Hilo ndilo la kufuatilia, kuliko uvimbe. Alama hiyo ni Rhesus hasi, yaani damu yako haina chembe ya Rh ambayo watu wengi wanayo (hao ndio chanya); kwetu wenye hasi wako wachache. Mama akiwa hasi na mtoto chanya, damu zikichanganyika mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga itakayomshambulia mtoto wa mimba ijayo. Kuna sindano ya kuzuia, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya mimba kutoka au kujifungua. Kwa mimba changa kama yako hatari ni ndogo, na wataalamu wengine hawaitoi kabla ya wiki 12, kwa hiyo usikae roho juu. Ila kabla ya kushika tena, omba kipimo cha kuangalia kama kinga hizo zipo kwenye damu yako. Mumeo naye apime kundi. Akiwa hasi kama wewe, hakuna tatizo.

FundiNguo_Tanga
Anaingia Tanga Alhamisi. Ijumaa asubuhi tunakwenda maabara pamoja. Nimemtumia picha ya karatasi, kajibu, "Hii A yenye mkia ni nini?"

MamaWawili_Mwanza
Mwambie aje na leseni yake, huenda imeandikwa kundi la damu. Lakini mpimeni tena hata kama limeandikwa.