Mapanga makuukuu ya mitambo ya upepo: tuyapokee au tuyakatae?

Waungwana, hoja iliyoko mezani ni hii: Pemba iombe Ulaya mapanga ya mitambo ya upepo yaliyomaliza muda wake, yale marefu yanayozunguka, tujengee vidaraja vya miguu kwenye vijito vya mikoko. Wengine wameshasema tunageuzwa jaa. Mimi nasema yaje, ila kwa masharti.

Panga ni faiba ya kioo iliyoshikwa kwa gundi ya epoksi au poliesta, ndani mna mti mwepesi wa balsa. Faiba ndiyo hiyohiyo ya boti zetu, na haishiki kutu. Nyote mnajua chumvi inavyofanya kazi pwani: nondo inavimba ndani ya zege, zege linapasuka, na chuma ukikigusa kinameguka kama biskuti. Panga hustaafishwa baada ya miaka 20 hadi 25, na mara nyingi si kwa kuoza, ni kwamba wenye mitambo wanataka mtambo mkubwa zaidi. Poland, mji wa Szprotawa, walijengea daraja mwaka 2021. Ireland, huko Cork, 2022. Basi tusiambizane haiwezekani.

Ninachoogopa ni vumbi la kukata faiba. Mtazameni fundi wa boti akishika grenda: kitambaa puani, unga mweupe umemganda kwenye nyusi, jioni anajikuna mpaka viwiko vinatoka damu. Na hiyo ni boti ndogo tu! Panga lina mita 30, 40 na zaidi. Kwa hiyo lije limeshakatwa na kutobolewa hukohuko, sisi tufunge bolti.

Halafu daraja nalo litachoka. Gundi hiyo ikishakauka haiyeyuki tena, huwezi kuiuza kama chuma chakavu. Ujerumani huyasaga mapanga yakaingia kwenye tanuri za saruji. Marekani, pale Casper, Wyoming, yamekatwa vipande yakafukiwa. Sisi tanuri hatuna, saruji yenyewe twaletewa kutoka Bara. Hata umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, kwa hiyo upepo wa mapanga hayo haujatuwashia taa hata moja. Aliyewashiwa huko Ulaya asaini kuja kuyachukua daraja likichoka, kwa gharama zake.

Mlioleta hoja, mna barua yoyote ya mtoaji inayokubali hivyo? Iwekeni tuisome.