Kugeuza fimbo ya spini iwe ya beitikasta: pete zote zihamie juu?

Mawimbi_Dunga
Wadau, nina fimbo ya spini (rili yake huning'inia chini) ya futi 7, ya kaboni, vipande viwili. Imeandikwa mshipi wa ratili 10–20, chambo cha gramu 7–21. Ukiacha ile ya ncha, ina pete 6: moja ya mm 30 kwenye kipande cha chini na 5 kwenye cha juu. Nataka kuifunga rili ya beitikasta (ile inayokaa juu ya fimbo, gurudumu lake likizunguka mshipi unapotoka), mshipi wa kusuka wa ratili 40, nirushe chambo bandia cha mbuta nikiwa mtumbwini. Je, nikiipindua tu ili rili na pete zitazame juu, itafaa? Kama haifai, nibomoe nini na nibakishe nini?

FundiPete
Usiipindue tu. Pete ya mm 30 ni pana kwa sababu rili ya spini huachia mshipi ukizunguka kwa miduara, na pete ndiyo huutuliza. Beitikasta huutoa umenyooka, kwa hiyo pete ya kwanza ya mm 10 au 12 yatosha, ya pili mm 8, zilizobaki mm 6. Fundo la kiongozi (kipande cha mshipi kinachounganishwa kati ya mshipi mkuu na chambo) litapita humo bila shida.

Balaa lenyewe ni idadi. Pete zikiwa chini ya ufito (kijiti chenyewe cha fimbo), samaki akivuta mshipi unajitenga na ufito. Zikiwa juu, ufito ukipinda mshipi hupita njia ya mkato kati ya pete na pete, ukalalia kaboni. Wa kusuka huikwaruza mpaka ufito ukatike hapo. Kwa futi 7 weka pete 8, ukipima kutoka ncha: sm 10, 21, 33, 47, 62, 79, 99, 123. Hivyo ni vya kuanzia tu. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe vipete vya mpira, shika pete navyo kwa muda, pitisha mshipi, funga ncha kwenye kitu kizito na uinue mpini mpaka ufito upinde vizuri. Mshipi ukigusa ufito, sogeza pete au ongeza moja. Usifunge uzi wa kushikia pete kabla ya jaribio hili.

Kutoa pete za zamani: wembe ukate uzi juu ya mguu wa pete, kamwe si juu ya ufito. Ukiuchanja ufito, umeshauharibu, hata kama huoni kitu.

Naivasha_Besi
Fundi amesema kweli, lakini kwa fimbo ya vipande viwili kuna kazi nusu. Pete za kipande cha juu ziache zilipo, zitazame chini. Ondoa ile ya mm 30 tu. Kwenye kipande cha chini weka pete ya mm 12 upande wa juu wa ufito, kama sm 55 mbele ya rili, halafu nyingine ndogo ubavuni, karibu na kiungio. Mshipi unaanza juu, unapita ubavuni, unamalizia chini. Kupata mahali pa hiyo ya ubavuni, vuta mshipi kutoka pete ya kwanza hadi ile ya chini iliyo karibu: unapopita kando ya ufito bila kupinda, ndipo pake. Fimbo haitajaribu kukugeuka mkononi mbuta akivuta, jambo ambalo pete za juu hulifanya kila mara. Inaonekana kituko, najua.

Usiweke pete juu ya kiungio chenyewe.

Mawimbi_Dunga
Asanteni, nimeipenda hiyo ya ubavuni. Kiti cha rili (pale rili inapofungwa) je? Hiki hakina kile kidole cha chini cha kushikia. Na gundi ya epoksi ya dakika 5 itafaa?

FundiPete
Ya dakika 5 itakuaibisha: inaganda kabla hujanyoosha kiti, na joto la Kisumu huiharakisha zaidi. Tumia ya saa 24.

Pasua sponji ya mpini kwa kisu, urefu wake. Kiti cha zamani kikate mifereji miwili kwa msumeno wa chuma, ukisimama kabla ya kufika kaboni, kisha kizungushe na bisibisi bapa kipasuke. Kipya kiwe cha mm 16 au 17 chenye kidole, na kiingie kutoka kitakoni. Ufito wako huenda ni mm 12 hivi, basi zungushia tepu ya karatasi mizingo mitatu, kila mmoja sm 1, uache nafasi za mm 5 zijae gundi. Mzingo wa mwisho usifike ukingoni mwa kiti, tepu hunyonya maji. Kidole kitazame upande ulio kinyume kabisa na pete ya kwanza.

Uzi: nailoni au poliesta ya cherehani. Pamba hapana, hunyonya epoksi na kuwa nyeusi. Ncha ya mguu wa pete isugue kwa tupa iwe nyembamba, la sivyo uzi hautapanda. Ukaze kiasi ambacho pete bado inasogea ukiisukuma kwa gumba. Epoksi ya kufunika uzi pima kwa sirinji mbili, ml 3 kwa 3, koroga taratibu dakika 3, imwage kwenye karatasi ya aluminiamu mapovu yatoke. Geuza fimbo robo mzunguko kila dakika kwa nusu saa ya kwanza, kisha kila dakika 5 mpaka iache kutiririka. Mota ya sahani ya maikrowevu itakufanyia kazi hiyo, ila soma volti zake kwanza, nyingine ni za 21.

Naivasha_Besi
Na omera, nguvu ya ufito haibadiliki kwa kubadilisha pete. Gramu 21 ni gramu 21. Chambo cha gramu 40 kikokote nyuma ya mtumbwi, usikirushe. Mshipi ni wa ratili 40 lakini ufito si wa 40: funga breki ya rili isizidi kilo 3.

Mawimbi_Dunga
Sawa. Naanza na kiti.