Kinyonga wa Yemen ndani ya nyumba: kizimba cha wavu au cha kioo?

Mkwaju_wa_Mvita (Birmingham): Wakuu, salaam. Nina kinyonga wa Yemen, dume, miezi sita. Kizimba cha utotoni kishambana, nataka kumhamishia kwenye cha sentimita 60 × 60 × 120 chenye mimea hai. Nichukue cha wavu au cha kioo? Hita zinawaka tangu Oktoba, kipima unyevu kinasoma asilimia 34. Mama watoto ametoa sharti moja tu, sakafu ya mbao isilowe. Mama mkwe yeye hakanyagi chumba hicho, kwake kinyonga ni nuksi.

Mama_Zuwena (Maskati): Kaka, mie ninaye jike wa aina hiyohiyo. Hapa AC haizimwi. Nilianza na wavu, nikinyunyiza, kabla sijamaliza kikombe cha chai majani yashakauka. Na hawa hawanywi bakulini, wanaramba matone kwenye majani. Siku moja namtazama, macho yamezama, na ile sehemu nyeupe ya choo chake imegeuka rangi ya chungwa. Kiu hiyo. Nikahamia kioo, unyevu ukatulia. Ila wiki ya kwanza akawa anajiona pembeni, anajitanua, anakuwa mweusi, hali kitu. Nikabandika karatasi kwa nje, yakaisha.

Fundi_Baridi (Edmonton): Kioo sawa, dada, lakini lazima hewa iingie chini itokee juu. Majani yakishinda yamelowa na hewa imesimama, kifua kitamuua. Mimi nina wavu, nimefunika pande tatu kwa plastiki ngumu, mbele na juu nimeacha wazi. Chepesi, nakihamisha peke yangu. Taa ya UVB, ile ya mionzi kama ya jua, nimelaza juu ya wavu, ila kumbuka wavu unakula sehemu ya mionzi, kwa hiyo tawi la kuotea joto lisiwe mbali. Na usimweke dirishani ukadhani anaota jua, kile kioo kinazuia UVB.

Mpanda_Meru (Arusha): Nawasoma huku nacheka. Huku hatufugi, ukikutwa na mnyamapori bila kibali una kesi. Ila wa pembe tatu nawaona sana mlimani. Alfajiri unamkuta kalowa umande, wa baridi, hata ukimgusa hakimbii. Jua likitoka anajilaza ubavu, anajitia weusi apate joto haraka. Unyevu wake ni wa usiku, mchana majani yanakauka. Nyie mnanyunyiza saa saba mchana chini ya taa ya moto, mnampikia mvuke.

Fundi_Baridi: Hapo umenena, mkuu. Mashine yangu ya ukungu inafanya kazi saa nane usiku hadi kumi na moja, kisha namwaga manyunyu dakika mbili kabla taa hazijawaka. Ila wako ni wa mlimani, huyu wa Yemen anataka nyuzi 28 hadi 30 pale anapoota.

Mkwaju_wa_Mvita: Na mimea je? Nijaze udongo chini, au vyungu?

Mama_Zuwena: Vyungu! Mie nilijaza udongo, mwezi wa pili chumba kikanuka mtaro. Nikachomeka vidole: juu mkavu, chini tope jeusi, mizizi ya fikasi imekwisha oza. Mwenye jike ndiye lazima aweke ndoo ya udongo na mchanga wenye unyevu, maana anataga hata bila dume, na akikosa pa kuchimba anaweza kufa na mayai tumboni.

Fundi_Baridi: Sikubali. Weka kokoto chini, kitambaa cha wavu, halafu udongo, na kolembola, vile vidudu vidogo vya udongoni, wa kula uozo. Wangu una miaka miwili sijaubadilisha. (Haya, nakiri nina tundu la kutolea maji.)

Mkwaju_wa_Mvita: Basi ni wavu, plastiki pande tatu, vyungu, na trei chini. Pothosi, sheflera na hibiskasi nimeshanunua. Shida, ile pothosi ameanza kuitafuna.

Mama_Zuwena: Wa Yemen wote walaji majani. Uliosha? Toa na ule udongo wa dukani, una mbolea na huenda una dawa. Nyenje unaomlisha nao wapake unga wa kalsiamu, majani si chakula chake.

Mkwaju_wa_Mvita: Sijaosha. Naingia bafuni na vyungu sasa hivi. Mama watoto anauliza trei ina kina gani.