Michezo ya kuigiza mezani kwa watoto: D&D, Hero Kids, ule wa ukurasa mmoja, au nitunge wangu?

BabaUyole
Wakuu, habari za wikiendi. Nina wanangu wawili na wa jirani wanne wanaojileta wenyewe kila Jumamosi, umri miaka 7 hadi 12. Baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua, hawatoki nje, na TV nimeshaichoka. Nataka kuwaanzishia ile michezo ambayo mmoja anasimulia, kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa gumu mnarusha dadu. Kwa asiyeijua: ni kibaba na kimama yenye kanuni, ile kelele ya "nimekupiga", "hujanipiga" inaamuliwa na dadu.

Nimebaki na njia nne. D&D (Dungeons & Dragons) ndiyo baba yao, ilitoka Marekani mwaka 1974. Kanuni za msingi ni bure mtandaoni, ila ni zaidi ya kurasa 100 za Kiingereza, na inataka dadu za maumbo tofauti hadi ya pande 20. Hero Kids imetungwa kwa watoto wa miaka 4 hadi 10, inatumia dadu za kawaida za ludo, lakini unainunua kwa dola. Kuna michezo ambayo kanuni zake zote ni ukurasa mmoja, kama Honey Heist. Au nitunge mwenyewe. Nani kashajaribu na watoto wa kweli?

MtuWaGangilonga
Kamwene. Mimi nilianza na D&D hapa Iringa na nikaboronga. Siku ya kwanza nikawaambia tujaze karatasi za wahusika. Kuna sifa sita za kujaza, zote Kiingereza. Tumefika kwenye "constitution", yaani uimara wa mwili, binti wa darasa la sita akanyoosha kidole: "Hiyo ni katiba, tumesoma." Ikabidi nieleze kwa nini shujaa wake ana katiba ya 14. Saa nzima imekwenda, hakuna hata mmoja aliyeingia pangoni, wawili wameshaondoka kucheza rede. Usiseme sijakuonya.

Mwl_Tukuyu
Ndugu yangu wa Gangilonga, hapo umeusingizia mchezo. Kilichokuangusha ni zile karatasi. Hata maboksi yao ya kuanzia yameandikwa miaka 12 na kuendelea, kwa hiyo kwa mdogo lazima upunguze.

Mimi nawapa kadi ya manila saizi ya kiganja: jina, kitu kimoja anachokiweza sana, kitu kimoja anachokiogopa. Basi. Ukitaka kufanya jambo unarusha ya pande 20, ukiwa unakiweza unaongeza 4. Jambo la kawaida unatafuta 10 au zaidi, gumu 15 au zaidi. Huo ndio uti wa mgongo wa D&D yenyewe, mengine yote ni nyama, utaongeza polepole wakizoea.

Dadu ya pande 20 sikuwa nayo. Niliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mtoto anachomoa, anasoma, anarudisha. Asiporudisha hesabu inaharibika. Wiki ya tatu nikaona kijana mmoja anapata 20 kila akikutana na simba. Nikakikagua kile kikaratasi: kimekunjwa pembe, kidogo sana, kidole tu ndicho kinajua. Sasa natumia vizibo vya soda, namba kwa ndani kwa maka pen. Vizibo havikunjiki.

mama_wawili
Mwalimu umenichekesha. Huyo kijana atakuja kuwa mhasibu 😂

Niko Mbalizi, wangu wana miaka 5 na 8, natumia Hero Kids, kaka yangu alininunulia. Nitasema kilichonivutia: anayeshambulia anarusha dadu zake, anayejikinga anarusha zake, mnaangalia dadu iliyo kubwa kila upande. Hakuna kujumlisha. Wa miaka 5 anatazama vidoti tu anajua nani kashinda. Hizo 10 na 15 za Mwalimu kwake zingekuwa kilio.

Ila ina mapigano mengi kwa ladha yangu. Hadithi yake ya kuanzia ni ya panya wakubwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mbalizi nani ana chumba cha chini ya nyumba? Nikasema ghala la mahindi la bibi, wakaelewa papo hapo. Halafu mdogo akakataa kupigana. Akasema anakwenda kuazima paka wa Mama Neema. Kwenye kitabu hakuna paka. Nikamwambia haya, rusha dadu tuone Mama Neema kaamkaje leo.

Nyegere_wa_Mafinga
Hapo kwenye paka ndipo mchezo ulipoanza, dada.

Baba Uyole, chukua ule wa ukurasa mmoja. Honey Heist wenyewe ni wa dubu wanaokwenda kuiba asali. Dubu hatuna, nikaweka nyegere, watoto wote wanamjua. Kuna namba mbili tu. Wenyewe wanaziita dubu na mhalifu, mimi nimeziita Unyegere na Ujanja, zote zinaanza na 3. Kutumia nguvu, kuchimba, kutisha watu ni Unyegere; mengine yote ni Ujanja. Rusha dadu moja, ukipata sawa na namba yako au chini yake, umeweza. Mpango ukiharibika, pointi moja inatoka kwenye Ujanja inaingia kwenye Unyegere. Ukifanikiwa vizuri, inarudi upande wa pili. Unyegere ukifika 6 unapandwa na wazimu, unabomoa kila kitu na mpango umekufa. Watoto wanasubiri hapo tu! Kuna mmoja wangu anaharibu makusudi.

Hata dadu si lazima. Penseli ya pembe sita, chonga kidogo kila upande, andika 1 hadi 6, ibingirishe mezani.

MzeeWaSae
Nimesoma kimya. Sasa ninyi watoto mnawafundisha kuiba mizinga ya watu?

Nyegere_wa_Mafinga
Shikamoo mzee. Hapana, kwangu asali ni ya babu yao, imeibwa na fisi, wao wanairudisha. Kanuni haibadiliki hata moja.

MzeeWaSae
Marahaba. Hapo sawa. Na wewe Baba Uyole, ukitunga ya kwako, Kimondo cha Mbozi kinafaa: dude la chuma tani 16 limelala pale, waulize wao limefuata nini. Ziwa Ngosi nenda nalo taratibu. Kuna familia huko Poroto ambazo hadithi za lile ziwa kwao si za kuchezea dadu, na mtoto atakwenda kuzisimulia nyumbani.

MtuWaGangilonga
Mzee kasema kweli. Nami Mkwawa simweki. Kila mtoto anataka kuwa yeye, hakuna anayekubali kushindwa.

BabaUyole
Mrejesho, Jumamosi imepita. Nimeanza na nyegere, penseli mbili, watoto sita. Nilianza kizamani, "Hadithi hadithi!", wakaitikia "Hadithi njoo!", nikaona wamenyamaza kuliko nilivyotarajia. Dakika 40 wa miaka 7 alikuwa ameshachoka, wakubwa wangekaa hadi usiku.

Sita ni wengi. Wa mwisho anasubiri zamu hadi anaanza kuchora kwenye meza. Jumamosi ijayo nagawa watatu watatu. Na kuna kabinti ka jirani hakasemi kamwe, ka miaka 8. Kalipoulizwa nyegere wako anafanya nini, kakanong'ona: "Anajifanya amekufa." Kakabingirisha penseli, 2. Fisi wote wakaja kumnusa, wenzake wakapita na mtungi wa asali. Nyumba ililipuka kwa shangwe.

Shida ni wa miaka 12. Kashamaliza nyegere kwa siku moja, anataka mhusika anayekua, silaha, ramani. Nadhani huyo na wenzake wawili niwapeleke kwenye njia ya Mwalimu. Mwalimu, zile kadi za manila unaweza kuzipiga picha?

Mwl_Tukuyu
Kesho nikitoka kanisani. Anza kukusanya vizibo.